Mkanda wa mbio katika gari la kawaida: dalili, visababishi na marekebisho

Dereva anayehisi kwamba mkanda wake wa mbio haumkai vizuri huanza kwa kuulaumu mkanda, kisha huagiza mwingine wa bei kubwa zaidi na kuufunga palepale ulipokuwa ule wa kwanza. Katika muda ambao nimesaidia kukagua magari asubuhi ya siku za uwanjani hapa Nairobi, yaani siku ambazo wenye magari ya kawaida hulipa ada na kuyakimbiza mahali palipofungwa badala ya barabarani, ni mara chache nimekuta kosa likiwa kwenye utepe wenyewe. Kosa huwa kwenye kiti, au kwenye pembe ambayo mkanda unavutwa, au kwenye bolti, au kwenye gari zima ambalo halikuundwa kumshikilia mtu kwa namna hiyo.

Ninaposema mkanda wa mbio nakusudia ule ambao mafundi wengi huuita hanesi: wenye pointi nne, tano au sita, yaani mahali unaposhikizwa kwenye gari, unaokazwa kwa mkono na usiojivuta wala kujilegeza wenyewe kama ule uliotoka na gari kiwandani. Kazi unayopewa si ndogo. Gari likigonga ukuta kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na dereva akasimamishwa ndani ya umbali wa sentimita 60, mwili wake hubebwa na nguvu ya takriban mara 24 ya uzito wake. Mtu wa kilo 75 huwa kwa nukta hiyo ni mzigo wa karibu tani 1.8, na mzigo huo hupitia kwenye nyonga na mabega yake hadi kwenye bolti chache zilizoshikwa na bati la sakafu. Dalili zifuatazo zisomwe kwa kukumbuka hesabu hiyo.

Mkanda wa kiunoni unapanda tumboni

Dereva hufunga mkanda, hukaza mabega kwa nguvu zote, na akitazama chini hukuta kifungo kimesimama juu ya kitovu. Hii ndiyo dalili ninayoikuta zaidi kuliko zote, na nadhani jina lenyewe limechangia kutupotosha: tunauita mkanda wa kiuno, ilhali mahali pake si kiunoni bali chini zaidi, mbele ya mifupa miwili ya nyonga ambayo mtu huigusa kwa vidole akijishika kiuno. Mifupa hiyo ina uwezo wa kuhimili mzigo mkubwa. Tumbo halina mfupa wa kuhimili chochote, na mkanda ukiwa juu yake wakati wa ajali, nyonga huteleza kwenda mbele chini ya mkanda huku utepe ukikandamiza matumbo, ini na uti wa mgongo.

Kisababishi cha kwanza cha kuchunguza ni utaratibu wa kufunga, kwa kuwa kukirekebisha hakugharimu chochote. Mkanda wa nyonga hukazwa kwanza, ukiwa chini kabisa na kwa nguvu kiasi cha kuudhi kidogo. Unafuata ule wa kati ya mapaja. Mabega huja mwisho. Anayeanza na mabega hukivuta kifungo juu kabla nyonga hazijashikwa, na hakuna namna ya kukirudisha chini baadaye pasipo kulegeza kila kitu na kuanza upya.

Utaratibu ukiwa sahihi na kifungo bado kinapanda, hesabu pointi. Mkanda wa pointi nne hauna chochote kinachokivuta kifungo kuelekea chini, hivyo mabega yanapobeba mzigo ni lazima kifungo kipande. Pointi ya tano na ya sita ziliwekwa kwa ajili ya jambo hilo hasa. Baadhi ya mikanda ya pointi nne ya kampuni ya Schroth ya Ujerumani hutatua tatizo hilo kwa njia nyingine: mkanda mmoja wa bega una sehemu iliyokunjwa na kushonwa ambayo huachia chini ya mzigo mkubwa, bega moja likatangulia mbele kidogo, na mwili ukajizungusha badala ya kuteleza chini. Mkanda wa pointi nne usio na ufundi huo nisingeufunga katika gari la mtu ninayempenda, na wakaguzi wengi hawauruhusu.

Kisababishi cha tatu ni pembe. Mkanda wa nyonga ukitazamwa kutoka upande unapaswa kushuka kwenda nyuma kwa mwinamo wa digrii 45 hadi 65 hivi kutoka mstari wa mlalo. Ukifungwa mbali mno nyuma ya kiti, mwinamo hupungua, mkanda hulala, na hapo huanza kutafuta tumbo. Weka simu yenye programu ya kupima usawa kwenye utepe uliokazwa, dereva akiwa kitini, na usome digrii.

Mabega yanaelemewa, mgongo unauma baada ya mizunguko michache

Kijana mmoja alileta Subaru Impreza safi kabisa, rangi yake bado inang'aa, viti vya mbio vipya, na mikanda ya mabega ikishuka nyuma ya kiti moja kwa moja hadi sakafuni kwenye bolti za reli za kiti. Nilimwomba akae, ajifunge, kisha nikauvuta utepe nyuma ya kiti kwa mkono mmoja. Badala ya kurudi nyuma kitini, mabega yake yalishuka, na helmeti ikasogea chini karibu upana wa vidole viwili. Alicheka mwanzoni, kisha akaacha kucheka.

Mkanda wa bega unaoteremka kwa digrii 45 hugeuza takriban asilimia 71 ya mvuto wake kuwa mgandamizo wa kwenda chini kwenye bega. Kwa digrii 20 mgandamizo huo ni asilimia 34. Kwa digrii 10 ni asilimia 17 tu. Mgandamizo hauna pengine pa kwenda isipokuwa uti wa mgongo, ambao wakati uohuo unapinda mbele. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinaruhusu mteremko usiozidi digrii 45 kuanzia ukingo wa juu wa kiti, na zinapendekeza usizidi 10. Maumivu madogo ya mgongo baada ya kufunga breki kwa nguvu mara kadhaa ni onyo la jinsi ajali itakavyokuwa.

Marekebisho hutegemea nafasi iliyopo nyuma. Pointi za mikanda ya kiti cha nyuma zilizotoka na gari ni imara, na kanuni hizohizo za FIA huzitaja kuwa mahali pa kufikiria kwanza, ila pembe ipimwe kabla ya kununua chochote, kwa sababu katika magari mengi ziko chini. Pembe ikikataa, hubaki chuma cha kupitisha mkanda kinachofungwa kati ya nguzo za pembeni kwa kimo cha mabega, au keji kamili, yaani fremu ya mabomba ya chuma ndani ya gari. Chuma hicho kiwe kimetengenezwa kwa ajili ya gari hilo na kupimwa na aliyekitengeneza. Bomba la maji lililochomelewa jioni moja na fundi wa mageti limewahi kuletwa mbele yangu, tena likiwa limepakwa rangi nzuri.

Urefu nao una neno lake. Utepe hunyumbulika kulingana na urefu wake: tuseme unanyumbuka asilimia 10 chini ya mzigo, basi wa sentimita 30 huongezeka sentimita 3, na wa mita moja huongezeka sentimita 10, umbali unaotosha kupeleka uso kwenye usukani. Kwa hiyo mkanda uliofungwa mbali nyuma, hata ukiwa na pembe nzuri, haujamaliza tatizo.

Mikanda ya mabega inateleza kwenda pembeni

Hapa kosa ni la kiti, karibu kila mara. Kiti cha kiwandani hakina matundu ya kupitishia mikanda, hivyo mikanda hupita pande mbili za egemeo la kichwa, juu ya mgongo wa kiti uliojaa sponji, na kila kona kali huisukuma. Wapo wanaoiunganisha kwa kamba kifuani. Kamba hiyo huificha dalili, na kisababishi hubaki. Isitoshe, mgongo wa kiti cha kiwandani umeshikiliwa na bawaba za kulalia, ambazo hazikuundwa kubeba mvuto wa mikanda ya mabega inayoukandamiza kwa juu.

Dawa ni kiti cha mbio kisicholala, chenye matundu yaliyo sawa na mabega ya dereva huyo au juu yake kidogo. Baada ya hapo, tazama pointi za nyuma kutoka juu: mikanda isiachane wala kukutana kwa zaidi ya digrii 20 kutoka mstari wa katikati ya kiti. Na asifungwe mtu mkanda kwenye kiti chenyewe au kwenye miguu ya kiti. Kiti kikingʼoka, mkanda umekwenda nacho.

Mkanda ulikuwa umekaza, baada ya mizunguko miwili umelegea

Vua kwanza koti. Kisha angalia sponji ya kiti, ambayo ikibonyea huacha nafasi. Hayo mawili yakiwa hayahusiki, shuka sakafuni na tochi.

Utepe unaozungushwa kwenye pointi yake hufungwa kwa kibati chenye fito tatu, na kosa lake ni dogo kiasi kwamba macho hulipita. Utepe hupanda kupitia fito, huzunguka, hurudi, na ni lazima upite tena mara ya pili ili ujikaze wenyewe. Ukipitishwa mara moja tu unaonekana umefungwa, hata ukiuvuta kwa mkono haulegei, lakini chini ya mtikisiko huteleza milimita baada ya milimita. Mkia uliobaki baada ya kibati usipungue sentimita 10. Paka mstari wa chaki mahali utepe unapoingia kwenye kibati kabla ya kuingia uwanjani. Ukirudi ukakuta mstari umehama, jibu umelipata.

Dalili ya jamii hiyohiyo, na ya hatari kuliko zote katika sehemu hii, ni utepe uliojikusanya upande mmoja wa kikazio badala ya kulala sawasawa katika upana wake wote. Dale Earnhardt, dereva maarufu wa Marekani, alipofariki katika mzunguko wa mwisho wa mbio za Daytona 500 tarehe 18 Februari 2001, mkanda wake wa nyonga wa upande wa kushoto ulikutwa umekatika, na ripoti ambayo NASCAR, chombo kinachosimamia mbio hizo, iliitoa Agosti mwaka huohuo ilieleza kwamba utepe ulihamia upande mmoja wa kikazio, mzigo ukaelemea ukingo, na ukingo ukachanika. Kinachosababisha hali hiyo ni breketi, yaani chuma kinachounganisha mkanda na bolti, isiyoelekea upande mkanda unakovutwa. Breketi iachwe iweze kujizungusha kwenye bolti na kufuata mvuto, na kikazio kisiguse ukingo wa kiti wala tundu lake. Nikimkuta dereva amekaza breketi kwa nguvu hadi haisogei, akidhani kukaza zaidi ni usalama zaidi, namwambia ailegeze mbele yangu kabla hajaingia.

Bolti zenyewe: ziwe za daraja la uimara la 8.8 au zaidi, za milimita 12 au za inchi 7/16 zenye uzi mwembamba kama zile za mikanda ya kiwandani katika magari mengi. Pointi mpya inayotobolewa kwenye sakafu iwekewe bamba chini yake. FIA hutaka eneo lisilopungua sentimita za mraba 40 na unene wa milimita 3. Washa ya bolti pekee, hata iwe kubwa namna gani, hupita kwenye bati kama kidole kwenye chapati.

Shingo inauma ingawa mwili haukusogea

Mkanda unafanya kazi yake, na hapo ndipo tatizo lilipo. Mwili ukishikwa imara, kichwa na helmeti ndivyo pekee vinavyoendelea na safari, na shingo hubeba yote. Mvunjiko wa kitako cha fuvu, jeraha ambalo hali hiyo huweza kulileta, ndio uliomuua Earnhardt, na miezi minane baadaye NASCAR ililazimisha kifaa cha kushika kichwa. Kinachojulikana zaidi, HANS, kilibuniwa katika miaka ya 1980 na Robert Hubbard, mtaalamu wa mwendo wa mwili, pamoja na shemeji yake dereva Jim Downing. Hukaa mabegani chini ya mikanda miwili na kuishika helmeti kwa vitepe, hivyo hakifanyi kazi na mkanda wa kiwandani wenye bega moja. Anayehamia mkanda wa mbio aweke bei ya kifaa hicho katika hesabu yake tangu mwanzo. Pembe ya mabega ihakikiwe upya baada ya kukivaa, kwa kuwa kinaunyanyua utepe.

Taa ya mfuko wa hewa imewaka

Kiti cha kiwandani kilipotolewa, waya uliokuwa chini yake uliachwa wazi. Kwa kawaida kosa hurekodiwa pale swichi inapowashwa huku waya ukiwa umechomolewa, na halifutiki lenyewe. Betri itolewe na isubiriwe dakika kadhaa kabla ya kugusa waya wowote wa manjano, rangi ya nyaya za mifuko ya hewa. Mafundi wengi huweka rezista ili taa izimike. Taa huzimika kweli, lakini mfuko wa pembeni uliokuwa kwenye kiti haupo tena, na abiria atakayepanda Jumatatu hajui.

Utepe umepauka, au lebo inatia shaka

Jua hula nyuzi. Kunja utepe uutazame ukingo: ukiwa na manyoya, mikato, ugumu wa mafuta au rangi iliyofifia upande mmoja, utolewe. Mkanda uliowahi kuwa katika ajali haurudishwi kazini, hata ukionekana mpya. Mikanda yenye cheti cha SFI, shirika la Marekani la viwango vya vifaa vya mbio, hutumika miaka 2 tangu tarehe iliyotobolewa kwenye lebo. Ile ya FIA, ya viwango vya 8853/98 na 8853-2016, huchapwa mwaka wa mwisho kwenye lebo yenyewe. Lebo isiyo na tarehe ni pambo. Mikanda ya kijani yenye jina la Takata imeigwa sana sokoni, na bandia hujulikana kwa bei yake kabla ya kujulikana kwa mshono wake: mkanda kamili wa pointi sita unaouzwa kwa bei ya matairi mawili ya mtumba haukupimwa na mtu yeyote.

Kifungo hakiachii

Vumbi letu jekundu huingia katika kifungo cha kuzungusha na kukaa humo. Kipulizwe kwa upepo wa kompresa na kiendeshwe mara nyingi bila mtu kitini. Kisitiwe mafuta, kwa kuwa mafuta hukusanya vumbi jingine. Utepe ukichafuka huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, na hukaushwa kivulini. Kisha dereva ajizoeze kutoka akiwa amefumba macho, na glavu mikononi, hadi mkono ukijue kifungo kilipo.

Mikanda yote iko sawa, lakini gari halina keji

Dalili hii haionekani kwa macho wala haisikiki mwilini, na ndiyo iliyonifanya niwakatishe tamaa wengi. Gari likibingirika, paa la gari la kawaida huweza kubonyea. Mtu aliyefungwa mkanda wa pointi tatu bega lake moja liko huru, hivyo mwili wake una nafasi ya kuinama kuelekea katikati ya gari. Aliyefungwa pointi sita katika kiti kisicholala amesimamishwa wima kama mlingoti, na paa likishuka humkuta palepale. Wapo wanaojibu kwamba uwanja wao ni tambarare na hakuna gari lililowahi kupinduka hapo. Huenda, lakini gurudumu lililotoka kwenye lami na kuzama kwenye udongo laini halihitaji mlima.

Basi mkanda wa mbio huita kiti cha mbio, kiti cha mbio huita keji ya vyuma, na keji huleta tatizo lake barabarani, ambako dereva havai helmeti: bomba la chuma lililo sentimita chache kutoka kichwani, hata likifunikwa sponji ngumu, ni hatari katika mgongano mdogo wa mjini. Keji huita gari lisilokuwa la kupeleka watoto shule tena. Mwenye gari moja tu afikirie hapo kabla hajatoboa sakafu. Na anayefunga upande wake afunge wa abiria pia. Vilabu vya wenye Porsche na BMW huko Marekani hudai mwalimu anayekaa kiti cha abiria awe na kinga ileile aliyo nayo dereva, kwa sababu mtu aliyeshikwa imara huthubutu mambo ambayo jirani yake hana mkanda wa kuyahimili.

Kwa asiye na keji, shauri langu ni mkanda wa kiwandani, ulio mzima, uliofungwa kwa ujanja. Rudisha kiti nyuma kidogo, funga mkanda, uvute kwa ghafla hadi ujifunge, ushikilie hapo, kisha sogeza kiti mbele mpaka mahali pako pa kawaida. Nyonga zitashikwa vizuri kuliko wengi wanavyotarajia, na kinga zote zilizotoka na gari zitabaki kama zilivyokusudiwa. Ukilegea katikati ya zamu, rudia utakapoingia kupumzika.

Na kwa aliyekwisha kufunga mkanda wa mbio kwa njia sahihi, ule wa kiwandani usitolewe. Tangu kanuni za usalama barabarani za waziri Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004 hakuna anayehitaji kukumbushwa habari ya mikanda kwenye barabara za Kenya, na njia panda ya Mombasa Road si mahali pa mtu asiyeweza kuinama mbele kutazama kama lori linakuja. Jioni, kabla ya kutoka uwanjani, legeza mikanda ya mbio, uikunje na kuifunga nyuma ya kiti, kisha angalia mlango kabla ya kuubamiza: ncha iliyobanwa na mlango huburutwa kwenye lami hadi nyumbani, na utepe uliokula mchanga namna hiyo hautapita ukaguzi unaofuata.